Datsun ya marehemu na kibati kilichoangusha bei

Shangazi alinipigia simu Ijumaa, watu ndiyo kwanza wanatoka msikitini. "Mwanangu, njoo uitazame hii gari ya marehemu. Kuna mtu anaitaka, na bei aliyoitaja inanitia wasiwasi." Wengine bei ndogo ndiyo inayowatia wasiwasi. Shangazi yangu yeye ni kinyume.

Gari yenyewe naijua tangu utoto. Ni Datsun ya michezo, ya viti viwili, paa lake turubai la kukunja. Imelala bandani nyuma ya nyumba yao Seeb zaidi ya miaka 20. Marehemu aliinunua miaka ya 70 kwa Mmarekani wa kazi za mafuta aliyekuwa anarudi kwao. Siku za Idi akilifunua turubai, akitubananisha watoto watatu mahali pa mtu mmoja, akituzungusha ufukweni. Shangazi anabaki mlangoni anapiga kelele tusivuke geti, na sisi tumeshavuka.

Ukitaja Datsun, wengi wetu huku tunakumbuka pikapu ya kubebea mbuzi na magunia. Watu wa Kenya wanakumbuka Safari Rally, maana Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971, na mwaka 1973 ikashinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta. Basi hii ya marehemu ni dada mkubwa wa hiyo 240Z. Kwao Japani iliitwa Fairlady, jina lililotoka kwenye mchezo wa jukwaani wa My Fair Lady, uliompendeza mkubwa wa Nissan.

Sasa hapa msomaji nivumilie kidogo, maana ndipo penye pesa. Fairlady ya 1600 ilitoka mwaka 1965, ina nguvu za farasi 96 na gia nne. Mwaka 1967 ikaja ya 2000, nguvu za farasi 135, gia tano, na gari yenyewe haifiki tani moja. Ilikuwa inaondoka kweli! Lakini Marekani, walikokuwa wanunuzi wengi, wakaweka masharti mapya ya usalama, na kuanzia za mwaka 1968 kioo cha mbele kikaongezwa urefu na dashibodi ikabadilishwa. Kwa hiyo 2000 yenye kioo kifupi ilitengenezwa miezi michache tu, na zilizokwenda Marekani hazikufika 1,000. Hiyo ndiyo watu wanaoitafuta kwa tochi.

Mnunuzi alipokuja aliona kioo kifupi. Akafunua boneti, akaona injini ya 2000. Akataja bei ambayo ingetosha kuezeka nyumba ya binti mkubwa kule Unguja, na bado ikabaki ya kugawana.

Na mimi, baada ya miaka mingi kwenye duka la vipuri Matrah, niliona hayohayo. Injini ina chapa ya U20, ndiyo ya 2000 hasa. Mtoto wa kiume wa shangazi alikuwa kashapiga hesabu ya mirathi kwenye simu: thumuni ya mama, fungu lake, mafungu ya dada zake wawili. Nikachukua kitambaa na mafuta ya taa, nikafuta kibati kidogo kilicho ndani ya boneti. Kikasoma SPL311.

Ya 2000 huandikwa SR311, au SRL311 kama usukani uko kushoto. SPL311 ni 1600. Nikakwangua kutu kwenye chesisi, namba ni ileile. Kumbe gari ni ya 1600, ila imewekwa injini ya mwenziwe.

Shangazi akafikiri kidogo. "Ilikaa gereji miezi mitatu, mwaka aliozaliwa binti mdogo. Likaja sanduku kubwa kwa meli. Aliniambia ni vipuri vidogo vidogo." Akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Mwanawe hakucheka. "Kaka, huyo bwana hakuuliza. Yeye ndiye anayejidai mjuzi, na macho anayo."

Nasema kweli, sikumjibu haraka. Nilikuwa naliona lile paa la Unguja.

"Mpigie," shangazi akasema. "Hapahapa, nisikie."

Nikampigia, nikamtumia na picha ya kibati. Akanyamaza siku mbili, kisha akarudi na bei mpya, imezidi kidogo theluthi ya ile ya kwanza. Mtoto wa kiume mpaka leo salamu yangu anaijibu nusu. Binti mkubwa anasema wauze tu, nyumba inanyeshewa. Binti mdogo anataka isiuzwe, atawalipa wenzake mafungu yao kidogo kidogo kila mwezi. Shangazi hajaamua, na mnunuzi kawapa mpaka mwisho wa mwezi.

Wakati wanabishana, mimi nimemwaga petroli iliyooza tangini, nimesafisha kabureta zote mbili, nimeweka betri mpya. Alhamisi jioni binti mdogo akakaa kwenye usukani. Ikakohoa, ikatoa moshi, ikawaka. Mara shangazi huyo mlangoni, palepale alipokuwa akisimama zamani, anatupigia kelele tusivuke geti.