Jinsi video ya dijitali inavyopewa sura ya sinema

MPIGA picha anayepeleka kamera ya dijitali Kisondela, wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, hukutana na mandhari inayotamanisha. Wilaya hiyo inafahamika kwa chai, ndizi na mvua nyingi, na Mlima Rungwe wenye urefu wa zaidi ya mita 2,900 mara kwa mara hufunikwa na ukungu.

Hata hivyo, akiitazama kazi yake kwenye kompyuta, anaweza kukuta majani yamekolea kupita kiasi, anga imegeuka nyeupe tupu na nyuso za watu zimeingia ukijani.

Chanzo ni jinsi kamera inavyopokea mwanga. Katika mkanda wa filamu, sehemu zenye mwanga mkali hufifia taratibu. Kihisi cha kamera ya dijitali kikishajaa mwanga hukata ghafla, na kilichopotea hakirudishwi na programu yoyote. Aidha, kamera nyingi ndogo hukoleza rangi na kunoa kingo za picha zenyewe.

Kwa sababu hiyo kazi huanza uwanjani. Mpiga picha hupunguza mwanga ili mawingu yasiungue, na kurekodi picha 24 au 25 kwa sekunde, kila moja ikipokea mwanga kwa takriban 1/50 ya sekunde. Kamera ikiwa na mfumo wa logi, unaotoa picha iliyopauka lakini yenye taarifa nyingi, huutumia.

Kwenye kompyuta kuna hatua mbili. Ya kwanza ni kusahihisha: kulinganisha mwanga na rangi ili picha zote za tukio moja zifanane. Ya pili ni kuipa kazi nzima sura moja, kwa kulainisha sehemu angavu, kupunguza ukali wa rangi na pengine kuongeza chengachenga kama za mkanda wa filamu.

Chini ya migomba tatizo huwa kubwa zaidi, kwani mwanga uliopenya majani huwa wa kijani. Dawa yake ni kuongeza kidogo rangi ya majenta, iliyo kati ya waridi na zambarau, kwenye nyuso. Kisha kijani cha majani hutengwa peke yake, hupunguzwa ukali na kusogezwa kidogo kuelekea manjano, bila kugusa ngozi.

Mfano maarufu ni filamu ya Marekani ya mwaka 2000, O Brother, Where Art Thou?, ya ndugu Joel na Ethan Coen. Ilipigwa Mississippi wakati wa kiangazi, majani yakiwa mabichi, ilhali waongozaji walitaka nchi kavu yenye vumbi. Mpiga picha Roger Deakins aliingiza filamu nzima kwenye kompyuta na kugeuza kijani kuwa manjano yaliyokauka.

Wakati huo kazi hiyo ilihitaji mitambo ya gharama kubwa. Mwaka 2009 kampuni ya Blackmagic Design ya Australia iliinunua DaVinci, na tangu mwaka 2011 programu ya Resolve imekuwa na toleo la bure.

Urahisi huo una hatari yake. Kwa miaka mingi maabara za picha za nchi za Magharibi zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na watu weusi walitoka na nyuso zisizoonekana vizuri. Fomula za rangi zilizotengenezwa tayari zinaweza kurudia kosa hilo: zinapoongeza giza kwenye vivuli, sura ya mhusika hupotea pamoja navyo.

Hivyo kabla ya kutumia fomula yoyote, mhariri anapaswa kuijaribu kwenye uso wa mhusika mwenye ngozi nyeusi zaidi katika kazi yake. Milima na migomba hustahimili kubadilishwa rangi, lakini mtazamaji hugundua mara moja ngozi ya binadamu inapopoteza uhai.