Kivu: Diploma ya kuongoza mashirika ni mali ya mtu au ya shirika?

Siku ya mkutano, sanduku la chuma linawekwa katikati ya watu. Lina kufuli tatu, na funguo zake zinashikwa na wanamemba watatu tofauti. Yule anayelitunza nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Linafunguliwa mbele ya wote, pesa zinahesabiwa kwa sauti, na kila mtu anakumbuka kiasi kilichobaki kabla ya kurudi nyumbani.

Ndivyo vinavyofanya kazi vikundi vya akiba na mkopo vinavyojulikana kwa jina la AVEC, ambavyo kwa kawaida vina watu 15 hadi 25. Mpango huo ulianzia Niger mwaka 1991, ukiletwa na shirika la CARE, kisha ukaenea Afrika nzima. Leo unapatikana vijijini Kivu, mara nyingi mikononi mwa akina mama ambao hawakupata bahati ya kusoma sana.

Kile ambacho akina mama hao wanafanya kwa kufuli tatu, vyuo vikuu vinakifundisha chini ya jina kubwa: udhibiti wa ndani. Ni moja ya masomo ya msingi katika masta ya uongozi wa mashirika yasiyo ya kutafuta faida. Vijana wengi wa Goma, Bukavu, Butembo na Uvira wanaitamani diploma hiyo. Lakini mtu akishaipata, inalisaidia nani?

Shirika la mtu mmoja

Mashirika mengi ya mashariki mwa Kongo yalizaliwa katika dharura. Mnamo Julai 1994, karibu wakimbizi milioni moja kutoka Rwanda waliingia Goma na pembeni yake kwa siku chache tu. Baadaye zikaja vita, mlipuko wa Nyiragongo wa Januari 2002, na mawimbi ya wahamaji wa ndani yasiyokwisha. Kila mara watu walijikusanya kusaidia, wakaandika katiba ya shirika, wakatafuta mfadhili.

Sheria ipo. Sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inasema kwamba ASBL haifanyi biashara ila kama kazi ya pembeni, na haitafuti kuwapa wanamemba wake faida ya mali. Utu wa kisheria unatolewa na Waziri wa Sheria, baada ya kauli nzuri ya waziri anayehusika na sekta ambamo shirika linafanya kazi.

Kwenye karatasi, basi, shirika ni la wanamemba. Kwenye ofisi, mara nyingi ni la mwanzilishi. Yeye ndiye mratibu, ndiye anayeweka sahihi benki, ndiye anayejua neno la siri la barua pepe, ndiye anayezungumza na mfadhili. Mkutano mkuu unaitishwa pale ripoti ya mfadhili inapodai orodha ya waliohudhuria. Mtu huyo akihama, akigonjwa au akifariki, shirika linabaki jina kwenye kibao cha barabarani.

Mwaka 2025 ulionyesha hatari ya hali hiyo. Tarehe 20 Januari, serikali ya Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa msaada wa kibinadamu nchini Kongo, ilisimamisha misaada yake ya nje. USAID ikafunga kazi zake rasmi tarehe 1 Julai. Katikati ya hayo, waasi wa M23 walichukua Goma mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari, na benki zikafunga milango. Shirika lililokuwa na mfadhili mmoja, akaunti moja na mtu mmoja wa kuweka sahihi liliweza kupoteza vyote vitatu ndani ya majuma machache.

Somo lilitoka wapi?

Kuongoza shirika lisilo la faida kama somo la chuo kikuu si jambo la zamani sana. Huko Marekani, chuo kikuu cha Yale kilianzisha programu ya utafiti juu ya mashirika hayo mwaka 1977. Mwaka 1984, chuo kikuu cha Case Western Reserve, katika mji wa Cleveland, kilifungua kituo maalum cha Mandel kwa ajili ya kuwafunda viongozi wao. Hoja ilikuwa moja: mtu aliyesomea biashara anajua kupima mafanikio kwa faida, lakini shirika lisilotafuta faida linapimwa kwa kitu gani?

Kanada ilitangulia kwa njia nyingine. Taasisi ya Coady, iliyoundwa mwaka 1959 katika chuo kikuu cha St. Francis Xavier, mjini Antigonish, inajulikana zaidi kwa mafunzo mafupi ya viongozi wa jamii kutoka Afrika, Asia na kwingineko. Mizizi yake ni vyama vya ushirika vya wavuvi na wakulima, wala si ofisi za wafadhili.

Nchini Kongo, mageuzi ya LMD, yaliyoanza kutumika kwa upana katika mwaka wa masomo 2021-2022, yalibadilisha njia. Zamani mtu alifanya miaka 3 ya graduat, kisha miaka 2 ya licence. Sasa licence ni miaka 3 yenye krediti 180, na masta ni miaka 2 yenye krediti 120. Masomo ya karibu na fani hii yanapatikana nyumbani. ISDR ya Bukavu inafunda wataalamu wa maendeleo ya vijijini. UCB ya Bukavu, ULPGL ya Goma na UCG ya Butembo zina vitivo vya uchumi na usimamizi. Wengine wanavuka mpaka kwenda Kampala, ambako Uganda Management Institute inafundisha usimamizi wa miradi, lakini huko lugha ya darasa ni Kiingereza, na aliyesoma kwa Kifaransa anaanza na mzigo wa pili.

Hesabu inayoua mashirika

Faida ya masomo haya inaonekana vizuri kwenye bajeti. Tuseme shirika la Minova limepata mradi ambao gharama zake za moja kwa moja ni dola 60 000 kwa mwaka: mbegu, mafunzo, usafiri, mishahara ya walio kwenye uwanja. Nyuma ya mradi kuna gharama ambazo mkulima hazioni. Kodi ya ofisi ni dola 200 kwa mwezi, yaani 2 400 kwa mwaka. Mhasibu analipwa 400 kwa mwezi, yaani 4 800. Umeme na intaneti ni 100 kwa mwezi, yaani 1 200. Karatasi na mengineyo ni 600. Jumla ni dola 9 000, sawa na asilimia 15.

Wafadhili wengi wanakubali kulipia gharama hizo kwa kiwango maalum. Katika mikataba mingi ya Umoja wa Ulaya, kiwango cha juu ni asilimia 7. Kanuni za serikali ya Marekani ziliruhusu asilimia 10 kwa asiye na kiwango chake mwenyewe, zikapandisha hadi asilimia 15 kuanzia Oktoba 2024, miezi michache tu kabla ya misaada kusimamishwa.

Kwa asilimia 7, shirika letu la Minova linapata dola 4 200. Linakosa dola 4 800, kiasi kilekile cha mshahara wa mhasibu kwa mwaka mzima. Asiyejua hesabu hii anaweka sahihi kwa furaha, halafu anafanya kazi bila mhasibu, au anamlipa kwa pesa zilizotengwa kwa mbegu. Mwisho wa mwaka mkaguzi anakuja, na shirika linaitwa la wezi. Mara nyingine wizi upo kweli. Mara nyingine kulikuwa na bajeti mbaya iliyokubaliwa bila kusomwa.

Aliyesoma anajua kuuliza swali hilo kabla ya sahihi. Anajua pia kwamba jedwali la mantiki ya mradi, ambalo wengi wanalijaza kama sala ya kukariri, ni chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya USAID mwaka 1969, na kwamba chombo cha mfadhili hakichukui nafasi ya mpango wa shirika lenyewe.

Diploma inapoondoka na mwenyewe

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Shirika dogo linamruhusu kijana wake kusoma. Linampunguzia saa za kazi, wenzake wanabeba majukumu yake, pengine linachangia karo. Siku anapopata masta, shirika la kimataifa linatangaza nafasi yenye mshahara ambao shirika lake haliwezi kuufikia hata kwa ndoto. Anaondoka. Hakuna wa kumlaumu, maana ana watoto wa kusomesha na kodi ya nyumba. Lakini kijiji kimelipia ndege isiyotua kwao.

Wafadhili nao wana sehemu yao. Mwezi Mei 2016, kwenye mkutano wa Istanbul juu ya msaada wa kibinadamu, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba hadi mwaka 2020 angalau asilimia 25 ya pesa zingefika kwa mashirika ya wenyeji kwa njia fupi iwezekanavyo. Lengo hilo halikufikiwa. Sababu inayotajwa kila mara ni kwamba wenyeji hawana uwezo wa kusimamia pesa. Wakati huohuo, wenyeji wenye uwezo huo wanaajiriwa na walewale wanaotoa sababu hiyo.

Kuna njia za kupunguza hasara. Shirika linaweza kuandikiana mapema na anayekwenda kusoma: atabaki muda fulani, au atarudisha sehemu ya karo. Kazi yake ya mwisho wa masomo inaweza kuwa juu ya shirika lenyewe, na matunda yake yakawa kitabu cha taratibu za pesa ambacho kila mwanamemba anaweza kukisoma kwa Kiswahili. Kila muhula, anachojifunza anaweza kukifundisha kwa mtunza hazina na sekretere, ili siku akiondoka wabaki wawili wanaojua.

Na kabla ya kulipa karo, kijana mwenyewe ana maswali ya kuuliza. Je, diploma ya chuo hicho inatambuliwa na wizara ya elimu ya juu? Je, walimu wamewahi kusimamia shirika, au wamesoma tu juu yake? Je, kuna mazoezi ya hesabu za kweli, au ni nadharia kutoka mwanzo hadi mwisho? Je, mtu anaweza kusoma bila kuacha kazi, katika mji ambamo umeme na intaneti vinakatika?

Kwa upande wa mashirika, kipimo ni chepesi, na hakihitaji karo. Mratibu akisafiri miezi mitatu bila simu, je, mishahara italipwa, ripoti itaandikwa, mkutano utafanyika? Kikundi cha akina mama chenye sanduku la chuma kinaweza kujibu ndiyo, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kulifungua peke yake.