Tovuti ya vikapu: ufunguo anao nani?

Na Mwandishi Wetu

WAKULIMA wa chai wa Mponde, wilayani Lushoto, hawahitaji kufundishwa hasara ya kutegemea mlango ambao ufunguo wake hunao. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2013 kutokana na mgogoro, kilikaa miaka kadhaa bila kusindika, na majani mabichi ya chai hayawekwi ghalani yakasubiri watu wapatane.

Jambo hilo linamhusu pia msusi wa vikapu, mfinyanzi wa vyungu na mchongaji wa milima ya Usambara anayetaka kuuza kazi zake kwa tovuti yake mwenyewe. Wengi huanza kwa kuuliza itapendezaje. Waulize kwanza itaandikwa kwa jina la nani.

Tovuti ina gharama mbili zinazojirudia, kwa kawaida kila mwaka: jina lake, kwa mfano linaloishia na .co.tz, na nafasi ya kuhifadhi kurasa kwenye seva. Kijana anayekutengenezea mara nyingi hulisajili jina kwa barua pepe yake, wala si kwa nia mbaya. Ni rahisi tu kwake. Lakini akihamia mjini, mkikosana au akisahau kulipia, duka lako linafungwa. Likiachwa zaidi, jina hilo hurudi sokoni na yeyote anaweza kulichukua, pamoja na wateja waliokwisha kulizoea.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa fundi, fungua barua pepe yako, jina lisajiliwe kwako au kwa kikundi chenu, na nywila zote ziandikwe kwenye daftari linalokaa kwa katibu. Mdai pia nakala ya tovuti nzima kwenye flashi. Kutengeneza kurasa zenyewe siku hizi si kazi ya kutisha: programu ya WordPress, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2003, haina malipo, na mtu aliyemaliza sekondari hujifunza kuitumia.

Hata hivyo, tusidanganyane. Anayeuza vikapu vitano kwa mwezi kwenye soko la Soni hahitaji tovuti; simu na picha za WhatsApp zinamtosha. Tovuti inalipa pale kikundi kinapokuwa na kazi ya kutosha na mtu wa kujibu barua kila siku.

Picha piga nje asubuhi, kivulini, juu ya kitambaa cha rangi moja, na uzipunguze ukubwa, maana picha nzito humaliza bando la mteja kabla hajaona bei. Bei iandikwe. Vipimo vya sentimita pia.

Kabla ya kutaja nauli, funga kikapu kama kitakavyosafiri, kipeleke posta Lushoto kikapimwe, ndipo uandike. Kikapu ni chepesi lakini kinachukua nafasi. Chungu ni kizito na kinavunjika. Binafsi ningekiuza kwa wageni wanaofika Lushoto wenyewe, na tovuti iwaelekeze njia tu.

Kilichouzwa kiondolewe siku hiyohiyo. Mteja akilipia kikapu ambacho hakipo, utamrudishia fedha zake, na makato ya kuzituma yatakuwa juu yako.