Mashine ya Afisi: Tununue ya Punguzo au Tuitie Vipuri ya Zamani?

Wanachama wetu,

Twapenda kurejea kwenye jambo lililobaki bila kuamuliwa katika mkutano uliopita. Mnakumbuka kwamba tulitenga shilingi 700,000 kwa ajili ya kompyuta ya mkononi ya afisi, na kwamba wajumbe waligawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza lilisema: duka moja mjini limepunguza bei, mashine mpya kabisa yauzwa shilingi 650,000, basi tununue kabla punguzo halijaisha. Fungu la pili likasema: mashine tuliyo nayo itiwe vipuri, na pesa zitakazobaki zituletee magunia na majamvi. Mzee wetu mmoja akasema kuitengeneza mashine ile ni kumpaka maiti wanja. Tulicheka sote, lakini hatukuamua. Na karafuu zikiwa tayari hazimngojei mtu.

Sisi wa afisi hatutaki wanachama wapige kura gizani. Kwa hiyo tumeona yafaa tueleze jambo hili lilivyo, ili kila mtu apime mwenyewe.

KWA NINI JAMBO HILI SI DOGO

Wengine husema kompyuta ni anasa ya makarani. Na wakumbuke msimu uliopita. Asubuhi mashine ilichukua kiasi cha dakika kumi kuamka, na wanachama wamesimama mlangoni na magunia yao, jua linapanda. Kisha siku moja ikazima katikati ya kazi, na ilipowashwa tena, maandishi ya siku tatu hayakuwamo. Yalikuwa mahesabu ya uzani wa wanachama 14.

Kosa hilo lilikuwa letu, wala hatumsingizii mtu. Hatukuwa tumeweka nakala mahali pengine. Daftari la karatasi lilituokoa kwa wanachama 11, lakini watatu waliobaki ilibidi tuelewane nao kwa kukumbuka tu. Mmoja wao, mama mtu mzima, mpaka leo aamini kwamba kilo zake hazikuandikwa zote. Hatuwezi kumwambia kwamba amekosea, kwa sababu hatuna ushahidi. Chama cha wakulima kinasimama juu ya mizani na daftari; mwanachama akishatia shaka daftari, ameshatia shaka chama. Basi tunalochagua hapa ni namna ya kulinda haki ya mtu.

MASHINE INAFANYAJE KAZI

Mwenye shamba ana ghala la kuwekea karafuu, ana jamvi la kuanikia, na ana mtu wa kuzigeuza juani. Kompyuta nayo ina vitu vitatu kama hivyo. Ghala ni diski: humo hukaa maandishi yote hata mashine ikizimwa. Jamvi ni kumbukumbu ya kazi, ambayo madukani huitwa RAM: hapo hutandazwa kazi unayoifanya sasa hivi, na mashine ikizimwa jamvi hukunjwa na vilivyokuwa juu yake hupotea. Mgeuzaji ni prosesa: yeye ndiye afanyaye hesabu.

Sasa fikirini. Ukiwa na mgeuzaji hodari lakini jamvi lako ni dogo, utashinda kutwa ukitoa karafuu ghalani na kuzirudisha. Na ghala lenyewe likiwa mbali, na mlango wake mzito, mgeuzaji atakaa kitako akingoja. Ndivyo ilivyo mashine yetu. Ina jamvi la gigabaiti 4 tu. Ghala lake ni diski ya zamani, ya namna ya kuzunguka: ndani mna sahani izungukayo mara 5,400 kwa dakika, na mkono mdogo wenda mbele na nyuma kutafuta maandishi, mfano wa sindano ya santuri. Kila jambo linapotafutwa, sharti mkono uende na sahani ifike. Kwa jambo moja ni kufumba na kufumbua. Kwa mambo maelfu, ndizo zile dakika kumi.

Siku hizi ziko diski za namna nyingine, ziitwazo SSD. Hizo hazina sahani wala mkono, wala kitu kinachozunguka. Maandishi hukaa katika vipande vya elektroni, na husomwa papo hapo. Tena kwa kuwa hazina kitu cha kutikisika, hazidhuriki upesi mashine ikigongwa garini au katika boti.

TULIVYOIPIMA MASHINE YETU

Kabla ya kumpa mgonjwa dawa hujua kwanza aumwa nini. Mwenye mashine ya Windows aweza kuipima mwenyewe: abonyeze vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na dirisha litafunguka lenye kuonyesha kila sehemu inavyoshughulika. Tulifanya hivyo huku tumefungua daftari la wanachama na barua mbili. Diski ilikuwa mia kwa mia, haipumziki. Kumbukumbu ilikuwa karibu kujaa. Lakini prosesa haikufika hata robo ya nguvu zake. Maana yake mgeuzaji wetu ni mzima; jamvi na ghala ndivyo vinavyomchelewesha.

Betri pia tuliipima. Iko amri moja, powercfg /batteryreport, ambayo hutoa taarifa ya uwezo betri iliozaliwa nao na uwezo ulio nao sasa. Yetu imebakiwa na chini ya nusu. Ndiyo maana umeme ukikatika hatupati hata nafasi ya kumaliza ukurasa, na bila shaka ndiyo iliyotuponza siku ile.

Kisha fundi aliifungua mgongo mbele yetu. Tuliona nafasi mbili za kumbukumbu, moja ina kipande na moja tupu. Diski imefungwa kwa skrubu nne tu. Ubao mkuu hauna kutu, ijapokuwa hewa yetu ni ya chumvi, na feni ilikuwa imejaa vumbi. Kioo ni kizima, bawaba hazijalegea, na kibodi yaandika herufi zote.

NA ILE YA PUNGUZO?

Tulikwenda dukani tukaisoma karatasi yake, si bei peke yake. Ni nyepesi, haina feni, betri yake ni mpya na yatumia umeme kidogo. Hizo ni sifa za kweli, wala hatuzifichi. Lakini prosesa yake ni Celeron N4020, iliyotoka 2019, ambayo nguvu zake ni chini ya ile Core i5 ya kizazi cha 6 tuliyo nayo. Jamvi lake ni gigabaiti 4, sawasawa na letu tunalolilalamikia, na limegandishwa kwa risasi juu ya ubao: haliongezeki hata ukiwa na pesa. Ghala lake ni gigabaiti 64, la namna iitwayo eMMC, nalo pia limegandishwa.

Yafaa mjue kwamba Windows 11 yenyewe hutaka mashine yenye kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4 na diski isiyopungua 64. Basi mashine hiyo imeanzia pale pale penye kizingiti. Programu hiyo ikishajitandaza, na masahihisho yake yakija juu yake, mwenye mashine hubaki akifuta picha na barua apate nafasi. Upya wa ganda si upya wa kazi. Wazee walisema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.

Na bei ya zamani iliyopigwa mstari isitubabaishe. Punguzo la kweli hupimwa kwa kuuliza bei ya mashine ile ile katika maduka mengine mawili. Tulipouliza, tulikuta duka jingine laiuza kwa bei hiyo hiyo, bila mstari wala tangazo.

JAMBO LINALOWASEMEA WALE WA MASHINE MPYA

Haki yataka tuseme na upande wa pili. Mashine yetu yatumia Windows 10, na kampuni ya Microsoft iliacha kuitolea masahihisho ya kawaida ya ulinzi tarehe 14 Oktoba 2025. Iko njia ya kununua ulinzi wa nyongeza, lakini ina mwisho wake. Windows 11, iliyotoka 2021, hutaka kijisehemu cha ulinzi kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na kwa prosesa za Intel kwa kawaida hutaka kizazi cha 8 na kuendelea. Yetu ni ya kizazi cha 6. Haimo katika orodha. Kwa hiyo mashine isiyolindwa, inayoingia katika intaneti na ina majina na namba za simu za wanachama, ni mlango usio komeo.

Lakini liko komeo jingine. Iko programu iitwayo Linux Mint, itolewayo bure, na masahihisho yake huja bure. Pamoja nayo huja LibreOffice, yenye kuandika barua na kupiga hesabu, na yaweza kufungua madaftari tuliyoandika katika Excel. Tuliijaribu kutoka katika flashi bila kufuta kitu chochote ndani ya mashine. Daftari la wanachama lilifunguka, jumla zikatoka sawa, na printa ikachapa. Sura ya baadhi ya kurasa ilibadilika kidogo, na karani wetu atahitaji wiki moja au mbili kuizoea. Lau kama tungekuwa na programu ya kazi isiyokubali ila Windows 11, tusingethubutu kuwashauri njia hii.

Iko na njia ya tatu: mashine za afisi zilizotumika nje na kuletwa kwetu, nyingi kupitia Dubai. Ya kizazi cha 8 yenye gigabaiti 8 na SSD ni bora kuliko ile mpya ya punguzo, mkiipata kwa mtu anayeaminika na akakubali muipime kwanza.

HESABU

Hizi ni bei tulizopewa sisi wenyewe: diski ya SSD ya gigabaiti 256, shilingi 95,000, kipande cha kumbukumbu cha gigabaiti 8, shilingi 75,000, betri, shilingi 85,000, ufundi na kusafisha feni, shilingi 25,000. Jumla 280,000. Tukiongeza flashi mbili za kuwekea nakala, kwa shilingi 40,000, inakuwa 320,000. Katika zile 700,000 zitabaki 380,000.

Jamvi letu litakuwa gigabaiti 12, ghala litakuwa jepesi, na umeme ukikatika tutakuwa na muda wa kufunga hesabu kwa salama. Usiache mbachao kwa msala upitao.

MASHARTI YETU

Hata hivyo hatusemi kila mashine ya zamani itengenezwe. Kama ubao mkuu umekufa, au kioo kimepasuka, au bawaba zimevunjika, au gharama ya vipuri yapita nusu ya bei ya mashine nzuri, basi muiache. Na mwanachama anayetaka kumnunulia mtoto wake wa skuli, asikubali kutoa pesa kabla hajauliza maneno haya matano:

1. Kumbukumbu ni gigabaiti ngapi, na yaongezeka?
2. Diski ni SSD, eMMC, au ya kuzunguka, na ni gigabaiti ngapi?
3. Prosesa ni ya jina gani na kizazi gani?
4. Betri na chaja zake zapatikana hapa kisiwani?
5. Dhamana ni ya muda gani, na imeandikwa?

Muuzaji akijibu "ni nzuri tu, bwana", mwanachama asalimu na aondoke.

TUNALOLIOMBA

Basi sisi wa afisi twapendekeza kwa mkutano ujao: mashine ya zamani itiwe vipuri kabla ya msimu, zile 380,000 ziwekwe kwa mweka hazina kuwa akiba ya mashine iliyo bora, siku hii itakapochoka, maana hata sisi hatusemi itaishi milele. Ndugu waliotaka zinunue magunia watusamehe, watasikilizwa mkutanoni.

Na liko sharti moja tunalojifunga nalo sisi wenyewe, mkutano ukiamua hivi au vile. Kila jioni ya msimu, kabla ya kufunga mlango, hesabu ya siku itanakiliwa katika flashi mbili: moja itabaki afisini ndani ya kabati, nyingine italala nyumbani kwa mweka hazina. Daftari la karatasi litaendelea kuandikwa, na kila mwanachama atapewa karatasi ya uzani wake papo hapo, yenye saini. Mashine yoyote, mpya au kuukuu, huweza kufa usiku mmoja.

Kwa yule mama na wenzake wawili, twaomba radhi tena hadharani. Kilo zilizopita hatuwezi kuzipima upya. Zijazo, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, hazitapotea.

Wassalaam.

Katibu wa Chama