Kuhesabu Kabla ya Kutaja: Majina ya Asidi za Mafuta Darasani

Mwanafunzi wa kidato cha tano katika shule moja mjini Moshi alipewa fomula CH₃(CH₂)₁₄COOH, akatakiwa aandike jina lake la kitaratibu. Akaandika "asidi ya pentadekanoiki", yaani yenye kaboni kumi na tano. Mwandishi wa makala haya, aliyekuwa akisahihisha, alitia alama ya kosa akafunua ukurasa uliofuata. Kosa kubwa lilikuwa la mwalimu. Kijana alikuwa amehesabu vema. Aliyoiacha ni kaboni moja tu, ile iliyomo katika kundi la asidi, na hapana aliyemwambia kwamba nayo huhesabiwa.

Aghalabu sisi walimu huanza somo hili kwa kuandika orodha ya majina ubaoni, nao wanafunzi huyakariri bila kuyaelewa. Kumbe jina refu ni hesabu tu. Katika neno heksadekani, heksa ni sita na deka ni kumi kwa Kigiriki. Kiishio chake chaeleza kwamba kila kaboni imeshikana na mwenzake kwa kifungo kimoja. Asemaye "kumi na sita" hufanya jambo lilo hilo, ila yeye hutanguliza kumi. Fomula ni C₁₆H₃₄. Kaboni ya mwisho ikigeuzwa kuwa kundi la asidi, twapata asidi ya heksadekanoiki, C₁₆H₃₂O₂, ambayo ndiyo palmitiki. Idadi ya kaboni haikubadilika.

Msimu wa kahawa ukiwadia, vifaa vya somo hili hupatikana kihambani. Kila kikundi kichukue waya mwembamba, kitunge kahawa mbichi kumi na tano za kijani, kisha kimalizie kwa moja nyekundu iliyoiva. Hiyo nyekundu ni kaboni ya asidi, nayo ndiyo namba moja. Mwanafunzi aliyeishika kwa vidole vyake ni vigumu kuisahau.

Baada ya hapo watunge kahawa kumi na nane: hiyo ni steariki, yaani oktadekanoiki. Watunge nyingine kumi na nane, lakini waukunje waya baina ya ya tisa na ya kumi, wakihesabu kutoka ile nyekundu. Hiyo ni oleiki, yaani asidi ya oktadeki-9-enoiki. Namba 9 huonyesha kifungo maradufu kinapoanzia. Mkunjo watokea kwa sababu hidrojeni mbili za mahali hapo ziko upande mmoja. Nyaya zilizonyooka zikilazwa ndani ya kasha hubanana; zilizokunjwa huacha nafasi. Hapo ndipo mwalimu aulize kwa nini mafuta ya mbuzi huganda sahanini jioni ya baridi kule Marangu, ilhali mafuta ya parachichi, ambayo sehemu yake kubwa ni oleiki, hubaki majimaji. Steariki huyeyuka kwenye nyuzi 69 hivi za Selsiasi. Oleiki kwenye 13 hivi. Yafaa aongeze kwamba ndani ya mafuta halisi asidi hizi hazimo peke yake, bali zimefungwa tatu tatu kwenye gliseroli.

Majina ya zamani yaje mwisho. Hayo hayahesabu kitu, hutaja asili: palmitiki yatokana na mchikichi, steariki na neno la Kigiriki la shahamu. Kaproiki, kapriliki na kapriki, zenye kaboni 6, 8 na 10, zote zatokana na neno la Kilatini la mbuzi, nazo zimo katika mafuta ya maziwa yake. Wanafunzi wa vijijini, waliokulia karibu na zizi, hucheka wakisikia hivyo, na kicheko hicho chasaidia kumbukumbu. Lakini ni kwa sababu ya mkanganyiko wa namna hiyo wanakemia walikutana Geneva mwaka 1892 kuweka taratibu za majina. Kumtahini kijana atenganishe mbuzi hao watatu kwa kukariri, mimi sioni faida yake.

Kahawa zikikosekana, shanga za rangi mbili zatosha.