"Article 15": usemi wa kila siku, lakini kifungu chenyewe kinasema nini?

Bukavu – Uliza mama muuzaji wa soko la Kadutu namna anavyolisha watoto, au mwalimu anayengoja mshahara. Mara nyingi utajibiwa: "Ni Article 15." Maana yake, jitafutie mwenyewe, usingoje serikali.

Usemi huu ulitoka Kasai. Mwezi wa nane 1960, Albert Kalonji alitangaza kwamba Kasai Kusini inajitawala, makao yake yakiwa Bakwanga, Mbuji-Mayi ya leo. Waluba wengi waliofukuzwa Luluabourg na Katanga walikimbilia huko bila nyumba wala chakula. Inasimuliwa kwamba walipoomba msaada waliambiwa: mko kwenu, jitafutieni. Watu wakaliita jibu hilo "Article 15", kana kwamba limeandikwa katika katiba. Wakati wa Mobutu, uchumi ulipoanguka, usemi ulienea nchi nzima.

Lakini Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ina kifungu cha 15 cha kweli, nacho hakisemi "jitafutie". Kinaagiza serikali ihakikishe ubakaji na ukatili wote wa kingono unakomeshwa. Ukifanywa kwa kusudi la kuvunja familia na kuangamiza watu, ni jinai dhidi ya binadamu.

Hapa Bukavu, ambako hospitali ya Panzi ya daktari Denis Mukwege inatibu wanawake waliobakwa tangu 1999, kifungu hicho si mzaha. Article 15 ya mdomoni inamwachia raia mzigo peke yake. Ile ya Katiba inaidai serikali.