Mlembe na Somo la Porini

Huko Niassa, kaskazini ya Msumbiji, mtoto wa Kiyao hupata somo lisiloandikwa ubaoni. Baba humfundisha wito wa kumwita mlembe, ndege mdogo ajuaye walipo nyuki wa mwitu. Ndege hutangulia akilia, mtu hufuata. Moshi hutuliza nyuki, shoka hupasua mti. Asali ni ya mtu, nta ni ya ndege.

Mwaka 2016 wataalamu walieleza kwamba wito huo ulimwezesha mtu kuonyeshwa nyuki mara 54 katika kila 100, hali sauti nyingine zilileta mara 17 tu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, humwita kwa mluzi. Na uchunguzi wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa mlembe huitikia zaidi wito wa wenyeji wake. Basi ndege naye ni mwanafunzi, ingawa hulelewa katika viota vya ndege wengine.

Mtoto asiporithi wito, mlembe hatakuwa na wa kumfuata. Wazazi, darasa ni jema. Lakini wakati wa likizo mwacheni mtoto afuatane na wazee wajuao pori.